Sifa ya Chuo Kikuu Kichanga: Maseno Kitazamwapo kutoka Nyalenda

Jina na sifa si kitu kimoja katika Kiswahili. Mtu atajwaye sana ana jina. Atajwaye kwa mema ana sifa, na sifa hiyo hutolewa na mtu mwingine. Lugha yenyewe yaulinda mpaka huo, kwani ajisifuye huhesabiwa kuwa mtovu wa adabu hata kama asemayo ni kweli. Chuo kikuu chaweza kupata jina kwa siku moja, siku ile hati yake itiwapo sahihi na gazeti la serikali litangazapo kuzaliwa kwake. Sifa yake ya kufundisha huchukua miaka mingi zaidi, na wengi wa wale waitoao hawajapata kuketi ndani ya ukumbi wake wa mihadhara.

Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi sifa ya aina hiyo inavyoundwa na jinsi inavyosemwa. Mfano uliochaguliwa ni Chuo Kikuu cha Maseno, na mahali pa kukitazamia ni Nyalenda, mtaa ulio kusini mwa jiji la Kisumu. Huenda msomaji akashangaa kwa nini chuo kisitazamwe kutoka kwenye lango lake mwenyewe. Sababu ni kwamba langoni husikika sauti ya chuo kikijieleza, ilhali mtaani husikika watu wakikieleza, nao ndio wenye kulipa.

Nyalenda ilikuwa vijiji vya Waluo nje ya mji mpaka mwanzoni mwa miaka ya 1970, mipaka ya manispaa ya Kisumu ilipopanuliwa ikaimeza. Familia nyingi zilibaki na ardhi zao, na badala ya kulima zikajenga safu za vyumba vya kupangisha. Sehemu kubwa ya mtaa ni bonde. Mto Auji hupita humo, na msimu wa masika maji huingia majumbani. Maji ya kunywa hununuliwa kwa mtungi kwenye vioski. Wapangaji ni wachuuzi, walinzi wa usiku, mafundi, waendesha bodaboda, na tangu Maseno ilipofungua madarasa yake katikati ya jiji, baadhi yao ni wanafunzi wa chuo kikuu. Hivyo mama mwenye ploti aweza kuwa hajafika Maseno, iliyo kiasi cha kilomita 25 kwenye barabara ya kwenda Busia, na bado akakijua chuo hicho vizuri kuliko mkaguzi aliyekitembelea kwa siku mbili. Anajua mpangaji wake hutoka saa ngapi na kurudi saa ngapi. Anajua ni wiki ngapi amekaa bila kwenda darasani, na sababu aliyoitaja.

Kuzaliwa kwa haraka

Maseno palikuwa na jina kabla hapajawa na chuo kikuu. Yasemekana neno lenyewe latokana na mti uitwao oseno kwa Dholuo. Wamisionari wa Kianglikana walianzisha shule pale mwaka 1906, nayo ikawa miongoni mwa shule kongwe za Waafrika nchini Kenya. Jaramogi Oginga Odinga alisoma hapo na baadaye akafundisha hapo. Jirani yake kilikuwapo Chuo cha Ualimu cha Siriba, kilichotoa walimu wa shule nyingi za Nyanza na Magharibi, na taasisi ya serikali ya kuwafunza watumishi wa umma. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 Siriba na taasisi hiyo ziliunganishwa, zikawa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Moi. Mwaka 2001 chuo hicho kikawa chuo kikuu kamili.

Miaka hiyo haikuwa miaka ya utulivu. Chuo Kikuu cha Nairobi, kilichosimama peke yake tangu 1970, kilifungwa kwa muda mrefu baada ya jaribio la mapinduzi la Agosti 1982, na wanafunzi waliokuwa wakingoja nafasi wakalimbikizana. Moi kilianzishwa mwaka 1984, Kenyatta kikapata hadhi kamili mwaka 1985 na Egerton mwaka 1987. Walakini mlimbikizo haukwisha, maana mwaka 1990 kundi la mwisho la Kidato cha Sita na kundi la kwanza la mfumo wa 8-4-4 yalibisha hodi kwa pamoja. Maseno ilizaliwa katika msukumo huo. Watu walitangulia, mabweni na vitabu vikafuata. Mara tu baada ya hapo wanafunzi wa vyuo vya umma walianza kujinunulia chakula, na desturi ya serikali kugharimia kila kitu ikakoma. Mwezi Novemba 1993 wahadhiri wa vyuo vya umma waligoma wakidai chama chao kisajiliwe, mgomo ulioingia hadi mwaka uliofuata.

Kwa hiyo wanafunzi wa mwanzo wa Maseno, ambao simulizi zao ndizo sifa ya kwanza ya chuo chochote, walionja elimu ya juu katika wakati mgumu kuliko waliowatangulia Nairobi. Ni dhuluma kukipima chuo kwa dhiki ambayo hakikuisababisha. Hata hivyo mzazi hapimi sababu. Hupima miaka ambayo mwanawe ametumia kuipata shahada ya miaka minne, na kama mingine miwili imeongezeka, hesabu hiyo huitia kwenye jina la chuo.

Jambo hilo halijakwisha. Mwaka 2017 mgomo wa wahadhiri ulidumu siku 54, na mwaka 2018 ukatokea mwingine mrefu zaidi. Vyuo vyote vya umma viliathirika, lakini chuo kikongwe chenye wahitimu ndani ya wizara na mabenki huweza kustahimili mwaka mbaya kwa sababu ya jina lake la zamani. Chuo kichanga hakina akiba ya namna hiyo.

Yafaa kuongeza kwamba Maseno nayo imekwisha kuzaa. Chuo cha Bondo kilichoanza mwaka 2009 chini yake kilipata hati mwaka 2013 kwa jina la Jaramogi Oginga Odinga, na baadaye Chuo cha Tom Mboya cha Homa Bay kikafuata njia hiyo hiyo. Kwa mtazamo wa Nyalenda, mtoto wa mwaka 1990 sasa huitwa mzee, na huulizwa maswali ya mzee.

Kufundisha na kujifunza

Kiswahili na Dholuo ni lugha zisizo na nasaba moja; ya kwanza ni ya Kibantu, ya pili ni ya Kiniloti. Katika jambo moja linaloihusu mada hii zafanana mno. Kitenzi -funda, kilichobaki hai katika kauli kama kumfunda mwali, kimezaa vitenzi viwili vya kusababisha: -fundisha, kwa kiambishi cha kawaida, na -funza, kwa njia kongwe ya kugeuza konsonanti ya mwisho kama -lala ilivyotoa -laza. Mwanafunzi hana kitenzi chake mwenyewe. Huchukua kile cha mwalimu na kukitia -ji-, akapata -jifunza; yaani humfanyia nafsi yake kazi ya mwalimu. Katika Dholuo, puonjo ni kufundisha, na puonjruok, kwa kiambishi tamati cha kujirejea, ni kujifunza. Mwalimu ni japuonj, mwanafunzi ni japuonjre. Katika Biblia ya Dholuo wanafunzi wa Yesu ni jopuonjre.

Isidhaniwe kuwa sarufi humwamulia mtu fikira zake. Lakini ulinganifu huu wafaa kukumbukwa na watu wenye kazi ya kupima vyuo, kwa sababu vipimo vyao huandikwa kwa Kiingereza, na katika lugha hiyo vitenzi viwili visivyohusiana kwa umbo huwarahisishia kuhesabu kimoja na kukisahau cha pili. Kinachohesabika kwa urahisi ni kufundisha: idadi ya wahadhiri, shahada zao, ukubwa wa kumbi, orodha ya kozi. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, ilitoa vigezo mwaka 2014 vilivyotaka mhadhiri awe na shahada ya uzamivu, akapewa muda wa kuipata. Hapana shaka shahada hiyo ni heshima. Lakini humfunza mtu kuchunguza jambo moja dogo kwa miaka kadhaa; haimfunzi kusimama mbele ya vijana 300 wa mwaka wa kwanza, kipaza sauti kimeharibika, akawafanya watake kwenda maktaba jioni ile ile.

Kujifunza hudai mambo mengine. Hudai kitabu ambacho mwanafunzi wa nane aweza kukipata baada ya saba wa kwanza. Hudai taa usiku, na mahali pa kuketi pasipo redio ya jirani. Zaidi ya yote hudai mwalimu anayeweza kuonekana baada ya mhadhara, na alama zinazoonekana baada ya mtihani. Kupotea kwa alama ni donda la vyuo vingi vya umma vya Kenya: mwanafunzi ameufanya mtihani, karatasi imesahihishwa au haikusahihishwa, na katika orodha jina lake halina namba. Huanza safari ya kutoka ofisi moja hadi nyingine, na wengine hukosa mahafali kwa ajili ya somo moja la mwaka wa pili. Hakuna tangazo la gazeti liwezalo kufuta simulizi hiyo ikishafika kijijini.

Hapa chumba cha Nyalenda chaingia katika hoja. Mwanafunzi anayepanga mtaani hufanya sehemu kubwa ya kujifunza kwake nje ya mamlaka ya chuo, katika chumba kimoja anamopikia na kulala. Chuo kichanga ambacho hakikujenga mabweni ya kutosha kimeikabidhi nusu ya kazi yake kwa mwenye ploti bila kumwambia. Mvua ikinyesha na Auji ukafurika, daftari hulowa pamoja na godoro. Mtu angetegemea kwamba mambo hayo yangetajwa katika ripoti za ubora, kwa kuwa ndiyo yatajwayo kwanza na wanafunzi wenyewe.

Uchanga si kilema

Baadhi ya watu husema kwamba chuo kichanga hakina budi kuvumilia sifa ndogo mpaka kizeeke. Historia ya Afrika Mashariki haiungi mkono kauli hiyo. Chuo cha Dar es Salaam kilianza Oktoba 1961 katika jengo la TANU mjini, kikiwa na uhusiano na Chuo Kikuu cha London, na wanafunzi wake wa kwanza, wote wa sheria, hawakuzidi kumi na watano. Kilihamia Mlimani mwaka 1964. Kabla ya kutimiza miaka kumi kilikuwa na sifa iliyowavuta watu kutoka mabara mengine, na sifa hiyo ilikuwa ya kufundisha. Terence Ranger na wenzake walijenga idara ya historia iliyomweka Mwafrika katikati ya historia yake. Walter Rodney alifundisha pale, na kitabu chake maarufu kikachapishwa London na Dar es Salaam mwaka 1972. Wanafunzi walibishana na wahadhiri, wakabishana wao kwa wao, na mwezi Oktoba 1966 walipoandamana kupinga masharti ya jeshi la kujenga taifa, zaidi ya 300 walirudishwa makwao na Rais Nyerere. Hata adhabu hiyo ilionyesha kwamba taifa liliyachukulia kwa uzito yaliyosemwa Mlimani.

Mfano mwingine ni wa zamani kidogo, nao si chuo kikuu kwa maana ya leo. Karibu na mwaka 1900 Habib Saleh, sharifu aliyetoka Ngazija na kuhamia Lamu, aliusimamisha msikiti wa Riyadha pamoja na darsa zake. Lamu palikuwa na misikiti mikongwe na ukoo za wanazuoni wenye majina makubwa. Riyadha ulikuwa mchanga, tena pembeni mwa mji. Sifa yake ilitokana na watu waliokubaliwa kuketi: watumwa wa zamani na watoto wao, wageni kutoka bara, watu ambao elimu ya juu ya dini ilikuwa ikipita mbali nao. Wakubwa wa mji hawakufurahi. Miaka mingi baadaye Maulidi ya Riyadha yalikuwa yakiwavuta watu kutoka pwani nzima.

Mifano hiyo miwili inatofautiana katika karibu kila jambo, lakini yakubaliana katika hili: mwanafunzi alihesabiwa. Katika darsa ya pwani mtu hakwenda kusoma kwenye jengo, alikwenda kusoma kwa fulani, na kihusishi hicho kwa kilibeba uhusiano wote. Leo mtu husema anasoma Maseno au anasoma Nairobi. Jina la mahali limechukua nafasi ya jina la mwalimu, na si vibaya kuuliza ni kitu gani kimepotea njiani. Hata neno mhadhara lina historia yake: mjini Mombasa na Dar es Salaam mihadhara ya dini ilikuwa, na bado ni, mikutano ya hadhara ambayo msikilizaji huweza kusimama akauliza, akapinga, na umati ukangoja jibu. Neno lilipoingia chuo kikuu lilibeba sauti ya msemaji, likaacha uwanjani swali la msikilizaji.

Msamiati wa makomredi

Ikiwa sifa ni jambo la kusemwa, basi lugha ya wanafunzi ni hifadhi yake. Wanafunzi wa vyuo vya Kenya huitana makomredi, neno lililoanzia katika siasa zao na ambalo siku hizi hutumiwa kwa mwanafunzi yeyote, hata asiyejua siasa. Chumba cha kupanga ni keja. Mtihani wa kurudia ni supu. Fedha za mkopo zikiingia ni bumu, neno lijulikanalo pia Dar es Salaam, ambako kuna na desa, yaani maandishi ya kunakiliwa, na kitenzi chake kudesa.

La kustaajabisha kuliko yote ni mwakenya. Katika miaka ya 1980 Mwakenya lilikuwa jina la chama cha siri, Muungano wa Wazalendo wa Kukomboa Kenya. Kuanzia mwaka 1986 watu wengi walikamatwa na kufungwa kwa kuhusishwa nacho, wakiwamo wahadhiri na wanafunzi. Kosa la wengine lilikuwa kukutwa na karatasi. Leo ukimwuliza mwanafunzi wa Kisumu maana ya neno hilo, atakueleza kuwa mwakenya ni kijikaratasi chenye majibu kiingizwacho kwa siri katika chumba cha mtihani. Njia ya maana ni wazi: karatasi ndogo, hatari, kufichwa ndani ya nguo. Mwanaleksikografia ataridhika na maelezo hayo. Mwalimu hataridhika upesi hivyo, kwa maana neno lilikuwa la watu waliofungwa kwa ajili ya kusoma na kuandika, nalo limekuwa la watu wanaotaka kufaulu bila kusoma. Kati ya maana hizo mbili hakujapita hata kizazi kimoja.

Orodha hii ni fupi, walakini yaonyesha kitu. Ina fedha, ina chumba, ina mtihani na njia za kuukwepa mtihani. Hamna ndani yake neno hata moja la somo lililoeleweka, wala la mwalimu aliyefungua macho ya mtu. Mwanafunzi akitaka kumsifu mhadhiri hurejea Kiswahili cha kila siku na kusema: "Huyo anafundisha." Kitenzi kitupu, bila kielezi. Mwenye kusikia huelewa kwamba wengine husoma tu madaftari yaliyogeuka rangi ya manjano kwa uzee.

Kiswahili mbali na pwani

Maseno ina Idara ya Kiswahili na Lugha Nyingine za Kiafrika, na katika suala la sifa idara hiyo ina mzigo wa ziada. Nchini Kenya kuna dhana ya miaka mingi kwamba Kiswahili kizuri ni cha pwani, na kwamba Mluo hakiwezi. Dhihaka hutegemea fonolojia: Dholuo haina sauti ya sh wala ya z, hivyo msemaji ambaye hakufunzwa huweza kusema sule kwa shule. Jambo la sauti mbili limegeuzwa kuwa hukumu juu ya akili za watu. Mzazi wa Nyalenda ambaye mtoto wake amepewa nafasi ya kusomea ualimu wa Kiswahili huulizwa na jirani, nusu kwa mzaha, kwa nini hakupelekwa Mombasa.

Dhana hiyo haitambui mahali Maseno ilipo. Chuo kimesimama mpakani, penye kukutana Waluo wa Kisumu na Waluhya wa Vihiga, na soko la Luanda li karibu. Mluo auzaye samaki na Mluhya auzaye ndizi hawahitaji kufundishwa umuhimu wa lugha ya tatu. Wameitumia tangu zamani kwa kazi ile ile iliyoipa Kiswahili uhai wake pwani, yaani biashara kati ya wasiosemana. Mwanafunzi atokaye huko huenda akakosea upatanisho wa ngeli, lakini haji chuoni akiwa mgeni wa lugha.

Tena kuna mahitaji. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985, Kiswahili kilifanywa somo la lazima na la kutahiniwa katika shule za msingi na za sekondari, na uhaba wa walimu ukaonekana mara moja. Katiba ya 2010 ilikifanya kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, juu ya kuwa lugha ya taifa. Walimu wa kuyatimiza hayo Nyanza hawangeweza kutoka Lamu wote.

Idara za Kiswahili zina faida ambayo hazijaitumia inavyopasa. Dar es Salaam, idara iliyoanzishwa mwaka 1970 ilithibitisha kwamba isimu na fasihi zaweza kufundishwa kwa Kiswahili hadi ngazi ya juu, na vyuo vya Kenya vikafuata. Katika chuo kizima, basi, darasa la Kiswahili ni karibu mahali pekee ambapo mwanafunzi aweza kuuliza swali bila kwanza kulitunga kwa Kiingereza kichwani. Kila mhadhiri ajua kimya kile kinachofuata maneno "kuna swali?" katika kozi za Kiingereza. Sehemu ya kimya hicho ni uvivu, na sehemu yake kubwa ni hofu ya kukosea lugha mbele ya wenzake. Darasa la Kiswahili likinyamaza vivyo hivyo, mhadhiri hana pa kutupia lawama. Na pale msomi wa Kiswahili anapokijaza kipindi kwa istilahi ambazo hazikufafanuliwa, amemwondoa mwanafunzi kwenye lugha aijuayo na kumpeleka kwenye nyingine ngeni, nayo pia yaitwa Kiswahili.

Upungufu huo huonekana zaidi siku hizi kwa sababu wanafunzi wamepata uwezo wa kuchagua. Tangu mitihani ya kidato cha nne iliposimamiwa kwa ukali mwaka 2016, mwaka ambao waliopata C+ na zaidi hawakufika 90,000, vyuo vilivyozoea kupokea umati wa wenye kujilipia vilijikuta vikigombea wanafunzi. Mwaka uleule serikali ilianza kuwapeleka baadhi ya wanafunzi wake katika vyuo vya binafsi. Ada ya shilingi 16,000 kwa mwaka, iliyodumu kwa miongo katika vyuo vya umma, ilifuatwa mwaka 2023 na mfumo uliozigawa familia kwa kadiri ya uwezo wao, na kesi zikafunguliwa mahakamani. Mzazi aliyekuwa akilipa kidogo na kuuliza kidogo alianza kuuliza zaidi.

Mahali pa kuyajibu maswali yake pako, ingawa hapatajwi sana. Kila mwanafunzi wa ualimu hutumwa kwa muhula mmoja katika shule ya sekondari kufanya mazoezi ya kufundisha, na shule za Kisumu, pamoja na zile zisomeshazo watoto wa Nyalenda, huwapokea wengi. Mhadhiri huja mara chache, huketi nyuma ya darasa na karatasi ya alama mapajani, huku mwanafunzi wake akiandika ubaoni. Aghalabu humtazama mwanafunzi wake. Lau angegeuza macho kidogo akawatazama watoto, angeona ni nani anayeinua mkono, na ni nani anayengoja kengele. Pale ndipo kozi yake ya mwaka wa pili inaposahihishwa, na jioni ile ile mtoto mmoja atasimulia nyumbani, kwa Dholuo, jinsi mwalimu mgeni kutoka Maseno alivyofundisha.